Dola Hamsini kwa Watu Mia: Hesabu Iliyolibeba Jarida la Ushairi la Chicago

Kabla hajapokea shairi hata moja la kuchapisha, Harriet Monroe alikuwa na orodha ya watu zaidi ya mia moja waliokwisha kuahidi fedha. Wengi wanaosimulia habari za jarida lake la Poetry huanza na majina makubwa yaliyopita humo: Ezra Pound, T. S. Eliot, Wallace Stevens, Carl Sandburg. Majina hayo yalikuja baadaye. Kilichotangulia ni hesabu, na hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua.

Monroe alizaliwa Chicago mwaka 1860. Jarida lake lilipotoka mwaka 1912 alikuwa na miaka 51, na alikwisha kujua ushairi unavyopokewa katika mji wa biashara. Miaka ishirini nyuma, Chicago ilipokuwa ikijiandaa kwa maonyesho makubwa ya dunia, yeye ndiye aliyetunga shairi la kuyazindua, akalipwa dola 1,000 na waandaaji. Gazeti la New York World likalichapisha shairi hilo bila ruhusa yake. Akalishtaki, akashinda, akapata dola 5,000. Lakini nakala alizozipiga chapa ili awauzie wageni wa sherehe zilimdodea, na majira ya baridi yalipofika akazichoma katika jiko la kupashia chumba chake joto. Shairi lilelile lilimpa kitita mahakamani na hasara mitaani. Mtu aliyepitia hayo hawezi tena kujidanganya kwamba ukiandika vizuri wanunuzi watajileta wenyewe.

Mwaka 1911, baada ya kurudi kutoka safari ndefu iliyomfikisha China, alizungumza na rafiki yake, mwandishi wa riwaya Hobart Chatfield-Taylor, kuhusu jarida la ushairi mtupu. Rafiki huyo akampa mpango: watafutwe watu mia moja, kila mmoja aahidi dola 50 kwa mwaka, kwa miaka mitano. Monroe akaanza kupanda ngazi za ofisi za watu wenye uwezo, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mgeni kwao. Dada yake aliolewa na msanifu majengo John Wellborn Root, mshirika wa Daniel Burnham katika kampuni iliyojenga sehemu kubwa ya Chicago mpya, na yeye mwenyewe alikuwa mhakiki wa sanaa wa Chicago Tribune. Hoja aliyowapelekea ilikuwa fupi. Mji huu unanunua michoro, unagharimia okestra, unawapa zawadi wachongaji na wasanifu. Mshairi peke yake ndiye anayeambiwa ale hewa. Tajiri wa Chicago aliyekuwa akijigamba kwa jumba la makumbusho la mji wake hakuwa na jibu la haraka kwa hoja kama hiyo.

Sasa tuiangalie hesabu yenyewe. Watu mia kwa dola 50 ni dola 5,000 kwa mwaka. Nakala moja ya jarida iliuzwa senti 15, na aliyelipia mwaka mzima alitoa dola 1.50. Ili kupata dola 5,000 kwa ada za wasomaji peke yake, Monroe angehitaji watu zaidi ya 3,300 waliolipia mwaka mzima, na hapo bado hajahesabu gharama ya kuchapa nakala zao na kuzituma kwa posta. Mdhamini mmoja alikuwa sawa na wasomaji 33, na alipatikana kwa ziara moja ya ofisini. Monroe hakuweza kutegemea ushairi upate wasomaji wengi kiasi hicho wanaolipa kwa wakati. Kwa hiyo Monroe aliiondoa biashara ya kuuza nakala katika swali la uhai wa jarida. Nakala ziliuzwa, lakini hata zingedoda kama zile za 1892 jarida lisingekufa.

Muda wa miaka mitano nao una maana yake. Mhariri anayeahidiwa fedha za mwaka mmoja hutumia nusu ya mwaka huo kutafuta za mwaka unaofuata, na washairi wakongwe huwa hawampi kazi zao nzuri kwa sababu hawana hakika kama toleo lijalo litatoka. Jarida la kila mwezi lenye ahadi ya miaka mitano lina matoleo sitini mbele yake. Mhariri wa namna hiyo anaweza kumwandikia mshairi aliye London na kumwomba shairi ambalo bado halijatungwa.

Na kuna ukubwa wa fungu. Dola 50 hazikuwa kitu kidogo wakati huo, lakini zilikuwa asilimia moja tu ya bajeti. Mdhamini aliyechukizwa na shairi fulani akajitoa aliacha pengo la asilimia moja. Majina ya wadhamini yalichapwa jaridani wakapata heshima yao, lakini hakuna aliyeweza kuingia ofisini na kusema jarida hili ni langu.

Jambo hilo tunalielewa zaidi tukiangalia karibu na kwetu. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi wa Kiswahili nafasi ambayo hawakuwahi kuwa nayo, wakajibizana kwa beti kutoka pembe zote za Tanganyika. Lakini lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na kalamu ya mwisho ilikuwa ya serikali. Transition, jarida la fasihi na siasa lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, mzaliwa wa mji huo, lilikuja kupata msaada kutoka Congress for Cultural Freedom, shirika lililokuwa na makao Paris. Ilipofichuka katika miaka ya 1966 na 1967 kwamba shirika hilo lilikuwa likipitisha fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, jarida hilo lilipakwa doa ambalo halikutoka katika ukurasa wake wowote. Mwaka 1968 Neogy akatiwa ndani na serikali ya Rais Obote wa Uganda kwa sababu ya yaliyochapishwa humo, na jarida halikurudi tena Kampala. Lilifufukia Accra mwaka 1971. Kukamatwa huko kulikuwa na sababu zake. Ninachosema ni kwamba mfadhili mmoja mkubwa, awe wa ndani au wa ng'ambo, huleta pamoja na hundi yake historia yake yote, na mhariri ndiye anayeulizwa.

Fedha zilipokwisha kuahidiwa, Monroe hakukimbilia kiwanda cha uchapaji. Kiangazi cha 1912 alikwenda maktaba ya umma ya Chicago akasoma mashairi ya miaka ya karibuni, vitabu na majarida, ya Marekani na ya Uingereza, akaorodhesha watu ambao angependa kuwachapisha. Kisha akawatumia waraka. Aliwaahidi mambo matatu: nafasi ya kuandika kwa urefu na mtindo wautakao bila kujali ladha ya magazeti ya kawaida, wasomaji wanaokuja kwa ajili ya ushairi wenyewe, na malipo. Pound, aliyekuwa London, alijibu mara moja kwa mashairi mawili na kujitolea kuwa mwakilishi wa jarida ng'ambo. Toleo la kwanza lilikuwa la Oktoba 1912, ila liliharakishwa likatoka Septemba kwa sababu habari zilifika kwamba Boston nako kulikuwa na jarida la ushairi njiani, lenye jina linalofanana.

Katika zile ahadi tatu, nadhani iliyofanya kazi kubwa ni ya tatu. Malipo yalikuwa madogo, hakuna aliyenunua nyumba kwayo. Lakini yalimfanya mshairi amtumie Monroe shairi kabla ya kumtumia mwingine, na yalimpa Monroe haki ya kukataa bila kuona haya. Mhariri asiyelipa huchapisha cha rafiki yake kwa sababu anamdai fadhila, au anadaiwa. Ukilipa, mnabaki na shairi mezani, mnaliangalia pamoja.

Juu ya malipo ziliwekwa zawadi. Mwaka 1913 zawadi ya wadhamini, dola 250, ilikwenda kwa W. B. Yeats, ambaye alibakiza dola 50 na kupendekeza 200 apewe mshairi kijana; zikamfikia Pound. Mwaka uliofuata Sandburg, mwandishi wa habari aliyekuwa hajulikani, alipata dola 200 za zawadi ya Levinson baada ya Monroe kulifungua toleo la Machi 1914 kwa shairi lake kuhusu Chicago. Jarida la The Dial la mji huohuo lilikuwa limelidhihaki shairi hilo. Dhihaka ikawa tangazo la bure.

Katika toleo la pili Monroe alitangaza sera yake ya mlango wazi: jarida halitafungwa na kundi wala mtindo mmoja, litachapisha kilicho bora popote kitokapo na kwa umbo lolote. Hapa wahakiki hugawanyika, nami nina upande wangu. Mlango wazi uliingiza mashairi mengi ya kawaida sana, na ukimsoma Pound katika barua zake utamkuta akifoka kwa sababu hiyo. Lakini mlango huohuo ulipitisha mashairi ya Rabindranath Tagore mwezi Desemba 1912, mwaka mmoja kabla hajapata Nobeli, na ulimpitisha Pound na wenzake waliokuwa wakivunja kanuni za arudhi ya Kiingereza, katika kurasa zilezile zilizobeba vina vya kizamani. Msomaji aliwaona wote wawili kwa pamoja, akaamua. Sisi tuliopitia mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, pale diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974 na watu wakajigawa kambi za mapokeo na za mashairi huru, tulikosa meza ya namna hiyo. Kambi zilipigana katika vitabu na kumbi za vyuo, kila moja ikiwahubiria wafuasi wake.

Monroe hakuwa na jicho lisilokosea. Pound alimtumia shairi la Eliot kuhusu Prufrock mwezi Oktoba 1914. Akasita kulichapisha, akabishana naye kwa barua, na lilipotoka Juni 1915 alilitupa nyuma ya toleo. Mwaka huohuo alimtaka Wallace Stevens apunguze beti za "Sunday Morning", na shairi la beti nane likachapishwa na tano, kwa mpangilio tofauti. Stevens alilirudishia beti zake katika kitabu chake cha mwaka 1923. Hayo ni makosa ya ladha, na ni makubwa. Hata hivyo mashairi yote mawili yalitoka, na yalitoka kwake, kwa sababu jarida lilikuwapo mwezi huo, na mwezi uliofuata, na uliofuata tena.

Mlinganisheni Monroe na jirani yake. Margaret Anderson alianzisha The Little Review mjini humohumo mwaka 1914, akiwa na ladha kali zaidi na ujasiri zaidi, bila mpango wowote wa fedha. Kuna wakati yeye na wenzake walihamia kwenye mahema ufukweni mwa Ziwa Michigan kwa kukosa kodi ya nyumba. Alianza kuchapisha riwaya ya Ulysses ya James Joyce kwa mafungu mwaka 1918, akashtakiwa kwa kuichapisha na kupatikana na hatia mwaka 1921. Kwa thamani ya kilichochapwa, ukurasa kwa ukurasa, huenda Anderson alimshinda Monroe. Jarida lake lilifungwa mwaka 1929.

Sehemu dhaifu ya mpango wa Monroe ilikuwa mhariri mwenyewe. Miaka miwili ya kwanza hakuchukua mshahara, akaishi kwa ujira wa Tribune. Aliposhindwa kubeba kazi mbili, mwaka 1914, alikubali dola 50 kwa mwezi, na aliishi kwa kiasi hicho miaka kumi. Hesabu iliyomlipa mpiga chapa na mshairi ilimsahau aliyeitunga. Ahadi za kwanza zilipokwisha mwaka 1917 ilimbidi apite tena kwa wadhamini kuomba wahuishe, na vita vilikuwa vimeshapamba moto. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki Arequipa, Peru, mwaka 1936, akiwa safarini. Wenzake walilichukua jarida na likaendelea kutoka.

Mwaka 2002 Ruth Lilly, mrithi wa mali ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, alilizawadia jarida hilo fedha zilizokadiriwa kuzidi dola milioni 100. Bibi huyo aliwahi kutuma mashairi yake huko na yakakataliwa, kwa barua za upole. Ni kisa kizuri, lakini asikitumie mtu kama mpango wa fedha.

Mpango wa kuiga ni ule wa 1911, na kwa kweli sisi tunaujua. Kamati ya harusi hugawa kadi za michango, huandika ahadi, humfuata kila aliyeahidi, na katika miezi michache hulipia ukumbi, chakula na muziki kwa mafungu ya watu mia au mia mbili, pasipo mmoja wao kudai kuwa bwana harusi ni wake. Ninyi mlio katika makundi ya washairi ya Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Lubumbashi, mnaotumiana beti usiku kucha kwenye simu na kulalamika kwamba hakuna jarida: undeni kamati hiyo kwanza. Andikeni majina mia moja, muda wa miaka mitano, na fungu ambalo mwalimu wa sekondari anaweza kulitoa. Na safari hii mwekeeni mhariri mshahara tangu toleo la kwanza.