Hifadhi Mbili za Barabara Moja: Sauti na Ukimya katika Kumbukumbu za Kidijitali za Blue Ridge Parkway

Neno hifadhi lina matumizi matatu ambayo mzungumzaji wa Kiswahili hayachanganyi. Mwanafunzi wa chuo huhifadhi Kurani kifuani. Serikali hutenga hifadhi ya taifa na kuiwekea mipaka. Mkutubi huhifadhi nyaraka ili zisipotee. Matumizi ya kwanza na ya tatu yanahusu kumbukumbu. La pili, mara nyingi, huhusu pia usahaulifu, kwa kuwa mahali hutangazwa kuwa hifadhi baada ya walioishi hapo kuhamishwa, na mgeni hualikwa kupatazama kana kwamba hapakuwahi kukaliwa. Makala haya yanahakiki mradi mmoja ambamo hifadhi kwa maana ya tatu imejengwa ili kuisaili hifadhi kwa maana ya pili: kumbukumbu za kidijitali za barabara ya Blue Ridge Parkway nchini Marekani, zinazotunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kwa jina la Driving Through Time.

Barabara yenyewe ina urefu wa maili 469. Inaanzia pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah huko Virginia na kukomea katika milima ya Great Smoky huko North Carolina. Ujenzi wake ulianza mwaka 1935, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na kipande cha mwisho, kinachoambaa mlima wa Grandfather, kilifunguliwa mwaka 1987. Haikujengwa kwa ajili ya kusafirisha mazao. Malori ya biashara hayaruhusiwi, mabango ya matangazo hayapo, na mwendo ni wa polepole. Ni barabara iliyotungwa kama utungo: mbunifu wa mandhari Stanley Abbott na wenzake walichagua kila kona ili dereva aone bonde hili na asione kiwanda kile.

Utungo huo una msimulizi mmoja, naye ni dereva. Mbao za njiani, nyua za magogo na vibanda vya kale humsimulia habari za wakazi wa milimani waliokuwa maskini, wapweke na wenye furaha. Mfano unaojulikana zaidi ni kinu cha Mabry, upande wa Virginia. Familia ya Mabry iliishi katika nyumba ya mbao ya kawaida ya karne ya ishirini. Nyumba hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa kibanda cha magogo kilicholetwa kutoka kwingineko, kwa kuwa kilifanana zaidi na ukale uliotarajiwa. Msafiri anayepiga picha hapo hupiga picha ya uhariri.

Mradi wa kidijitali uliongozwa kitaaluma na mwanahistoria Anne Mitchell Whisnant, ambaye kitabu chake cha mwaka 2006, Super-Scenic Motorway, kilionyesha kwamba barabara hii ilizaliwa katika mabishano. Kumbukumbu zinakusanya picha, barua, magazeti, masimulizi ya mdomo na ramani. Nguvu yake kuu imo katika ramani. Michoro ya utwaaji wa ardhi, yenye mipaka ya mashamba na majina ya wenyewe, imelazwa juu ya picha za leo za mahali palepale. Msomaji akiisogeza ramani, msitu unaoonekana wa tangu na tangu unageuka kuwa shamba la mtu mwenye jina. Hakuna insha inayoweza kulifanya jambo hilo kwa wepesi huo. Msimulizi anabadilika: badala ya anayepita, anakuwa aliyepitiwa.

Mabadiliko hayo ya mtazamo yanadhihirika zaidi katika mgogoro wa Wacherokee wa Mashariki. Njia iliyopendekezwa ingekata Bonde la Soco, ambako ardhi ya kulima ilikuwa adimu. Walibishana wao kwa wao na wakabishana na serikali kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1940 ilipokubaliwa barabara ipite juu migongoni mwa milima. Dereva wa leo huiona njia hiyo ya juu kama uamuzi wa kisanaa wa kumpatia mandhari. Nyaraka zinaonyesha kwamba mandhari hayo ni matokeo ya watu waliokataa.

Hata hivyo, mradi una mipaka inayostahili kuhakikiwa. Kwanza, unahusu North Carolina pekee, na hivyo zaidi ya maili 200 za Virginia, pamoja na kinu cha Mabry, ziko nje yake. Barabara iliyobuniwa kufuta mpaka wa majimbo inasomwa kwa kukatwa mpakani. Pili, jina kwenye ramani si sauti. Waliosikika ni walioweza kuandika barua au kwenda mahakamani. Heriot Clarkson, jaji wa mahakama ya juu ya jimbo na mwenye makazi ya kitalii ya Little Switzerland, alipigania fidia na akaacha nyaraka tele. Mkulima mdogo ameacha mstatili na idadi ya ekari.

Hapa ndipo mchango wa wanafunzi unapopata uzito. Insha zao zimewekwa katika sehemu iitwayo Overlooks, jina la vituo vya kutazamia mandhari. Kitenzi chenye umbo hilohilo katika Kiingereza humaanisha pia kupuuza, na utata huo unaifaa kazi yao. Mwanafunzi anayetakiwa kueleza mstatili mmoja hawezi kujificha nyuma ya nadharia. Lazima aseme nani alikuwa hapo, alipoteza nini, na ni hati ipi inayothibitisha. Pale ambapo hati haipo, nidhamu ya kazi humdai akiri ukimya badala ya kuujaza kwa huruma, kwani huruma isiyo na ushahidi hukileta tena kile kibanda cha magogo.

Kwa hiyo thamani ya mradi huu haimo katika wingi wa vitu vilivyopigwa picha na kupandishwa mtandaoni. Imo katika kumfanya msomaji aone kwamba hifadhi ya kwanza, ile ya milimani, ilikuwa nayo maandishi yenye watunzi, wahariri na kurasa zilizonyofolewa. Hifadhi ya pili haizirudishi kurasa hizo zote. Inaonyesha ziliponyofolewa.