Maoni au Majibu? Msomaji Kijana wa Ipuli na Riwaya za Vijana Zinazosomwa Shuleni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maoni ya wasomaji vijana yanavyoundwa, na pengine kuzuiwa, na mazoea ya kusoma riwaya kwa ajili ya mtihani. Riwaya zilizoteuliwa ni Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo (2002), Takadini ya Ben Hanson (1997) na Peponi (2022), ambayo ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Uhakiki umeongozwa na nadharia ya upokezi, na unamweka mbele msomaji aliyeko Ipuli, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora. Makala yanadai kwamba swali la mtihani humtaka kijana athibitishe kauli aliyopewa, lakini halimpi nafasi ya kuihukumu. Yanadai pia kwamba mahali na wakati alipo msomaji humpa maswali ambayo mwongozo wa uchambuzi haukuyatazamia, hususani kuhusu bei inayowekwa juu ya mtoto.

1.0 Utangulizi

Kijana anayesoma sekondari nchini Tanzania hukutana na riwaya ya Kiswahili kwanza kama kitabu cha orodha. Kwa miaka mingi Watoto wa Mama N'tilie na Takadini zimekuwa miongoni mwa riwaya teule za kidato cha tatu na cha nne. Darasani kitabu hugawanywa katika fani na maudhui. Upande wa maudhui huwa na dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi. Upande wa fani huwa na muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Pale nakala zinapokuwa chache, wanafunzi husoma uchambuzi ulioandikwa ubaoni au uliochapishwa katika vijitabu vya mwongozo, na wengine huingia katika chumba cha mtihani wakiijua riwaya kwa dhamira zake kabla ya kuijua kwa hadithi yake.

Swali linalohitimisha safari hiyo lina umbo linalojulikana. Mtahiniwa hupewa kauli ya jumla kuhusu fasihi na jamii, kisha mara nyingi hutakiwa kuithibitisha kwa hoja kadhaa kutoka katika kila kitabu kati ya viwili alivyosoma. Kitenzi "thibitisha" ndicho chenye uzito hapa. Anayethibitisha amekwisha kukubali. Kijana anayeona kwamba kauli hiyo haiafiki kitabu, au kwamba kitabu hakiafiki maisha anayoyajua, hana mahali pa kuliweka wazo lake bila kujiponza.

Tatizo hili linaugusa pia utafiti. Mtafiti anayetaka kujua maoni ya vijana kuhusu riwaya zao mara nyingi huwafuata darasani, kwa hojaji inayopitia mikononi mwa mwalimu. Anachokipata kina hatari ya kuwa jibu la mtihani lililobadilishiwa karatasi. Kwa hiyo kabla ya kuyakusanya maoni hayo ni vyema kuuliza: ni hukumu zipi ambazo riwaya zenyewe zinamruhusu kijana kuzitoa, na zipi zinafunikwa na mazoea ya usomaji? Makala haya yanajibu swali hilo kwa njia ya matini.

2.0 Msomaji katika Nadharia ya Upokezi

Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, aliweka msingi wa dhana ya upeo wa matarajio. Kila kizazi hukifungua kitabu kikiwa na mambo kinayoyajua na kuyategemea; upeo huo ukibadilika, maana ya kitabu nayo hubadilika ingawa maneno yake ni yaleyale. Wolfgang Iser alimtazama msomaji dhahania, yaani msomaji ambaye matini yenyewe imemwandalia nafasi, pamoja na mapengo ambayo msomaji huyo anatakiwa kuyajaza. Naye Louise Rosenblatt alitofautisha usomaji wa kuchukua, ambapo msomaji anatafuta kitu cha kuondoka nacho, na usomaji wa kuishi ndani ya matini, ambapo linalojali ni kile kinachompata msomaji wakati anasoma.

Mazoea ya mtihani yamejengwa juu ya usomaji wa kuchukua. Hilo peke yake si dhambi. Orodha ya vitabu teule imewapa vijana wengi riwaya ambayo pengine wasingeipata kabisa, na hoja zenye mifano zimewafunza kutetea kauli kwa ushahidi. Kasoro huanza pale usomaji wa aina moja unapohesabiwa kuwa ndio usomaji wote, na msomaji dhahania wa mwongozo anapochukua nafasi ya msomaji mwenye mahali na wakati wake.

Ipuli ni mahali pa kufaa kwa kumtafuta msomaji huyo. Iko katika mji uliokuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wanyamwezi walijulikana kwa upagazi, na pembe za ndovu na watu waliotekwa walipita hapa kuelekea pwani. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya miguu ilififia, lakini mji ulibaki kuwa wa kupita na wa kupitisha. Kijana wa Ipuli wa leo hayabebi mambo hayo yote kichwani, na haifai kumfanya makumbusho. Ana simu, ana mpira, ana mambo yake. Hata hivyo, anasoma akiwa mahali ambapo historia ya kuuza na kununua watu ni ya karibu.

3.0 Watoto wa Mama N'tilie: Ada Iliyofutwa na Swali Lililobaki

Riwaya ya Mbogo inasimulia habari za Peter na Zita, watoto wa muuza chakula na wa baba mlevi, Mzee Lomolomo. Wanafukuzwa shule kwa kukosa mahitaji ya shule, nao wanaishia kutafuta riziki katika jaa la taka jijini Dar es Salaam, karibu na hatari ya dawa za kulevya. Mwongozo huorodhesha dhamira zake kwa urahisi: umaskini, ulevi, malezi, nafasi ya mwanamke, hali ngumu ya elimu.

Wakati wa kuchapishwa kwake una jambo la kuzingatiwa. Riwaya ilitoka mwaka 2002, mwaka uleule ambao ada ya shule za msingi ilifutwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Mwaka 2016 ada ikaondolewa pia katika kidato cha kwanza hadi cha nne cha shule za serikali. Kwa maneno ya Jauss, upeo umehama. Kijana anayesoma riwaya hii leo katika shule isiyotoza ada anakutana na watoto wanaofukuzwa kwa sababu ambayo kisheria haipo tena. Akisema kwamba kitabu kimepitwa na wakati, ametoa hukumu ya kihakiki yenye msingi. Akisema kwamba hakikupitwa, kwa kuwa sare, daftari na chakula bado vinagharimu fedha ambayo mzazi wake hana, ametoa hukumu nyingine yenye msingi uleule. Hukumu zote mbili zinahitaji apime kitabu kwa maisha na maisha kwa kitabu. Swali linalomtaka athibitishe kwamba mwandishi amesawiri hali halisi ya jamii linaipokea ya pili peke yake, tena hata bila kumtaka aeleze kilichobadilika.

Jambo la pili ni msimulizi. Huruma ya riwaya kwa watoto ni ya kweli, lakini mara nyingi ni huruma ya mtu mzima anayewatazama kutoka juu. Jaa linaonekana kama anguko. Msomaji mwenye umri wa Peter anaweza kuona pia kitu kingine: watoto wanaojipangia siku, wanaogawana, wanaojua nini kinauzika na nini hakiuziki. Pengo hili, kwa maana ya Iser, limeachwa wazi na matini. Mwongozo hulifunga kwa neno "athari za umaskini". Maoni ya kijana yangeweza kulifungua kwa kuuliza iwapo watoto hawa ni wahanga tu, au wana akili ambayo msimulizi ameionyesha bila kuitaja.

4.0 Takadini: Mila au Soko?

Katika Takadini, Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino baada ya miaka ya kukosa mtoto. Mila za kijiji chake zinataka mtoto wa aina hiyo, sope, auawe. Sekai anatoroka usiku na mwanawe, anapokelewa na mzee Chivero katika kijiji kingine, na Takadini anakua akitengwa na rika lake hadi Shingai anapomchagua kuwa mume. Jina la mtoto lenyewe ni swali la Kishona lenye maana ya "tumefanya nini?"

Mazingira ya riwaya ni ya Zimbabwe, na toleo lake ni la 1997. Miaka kumi hivi baadaye, kuanzia mwaka 2007, wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino liliikumba mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi mwa Tanzania, Tabora ukiwamo. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete aliyalaani hadharani na kumteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Hakuna riwaya teule ambayo upeo wake ulibadilika kwa ukatili kama huu. Kitabu kilichoonekana kuzungumzia kijiji cha mbali na cha kale kiligeuka kuwa kitabu cha jirani.

Hapa ndipo jibu la mwongozo linapopungua zaidi. Dhamira inayotajwa ni "mila na desturi potofu", na ndani ya riwaya hilo ni sahihi, kwa kuwa wazee wa kijiji cha Sekai wanatii wanachokiamini kuwa agizo la mizimu na hawatafuti faida. Lakini mauaji ya mwaka 2007 na kuendelea yalikuwa na mnunuzi. Viungo vya binadamu viliuzwa kwa watu walioahidiwa utajiri katika uvuvi, uchimbaji madini na biashara. Ushirikina ulikuwapo, lakini uliendeshwa na fedha. Kijana wa Ipuli anayeandika kwamba Takadini inaonyesha sababu ya mauaji hayo anapata alama, ilhali amekosea. Yule anayeona kwamba riwaya inaeleza hofu ya kijiji lakini haielezi tamaa ya soko amesoma vizuri zaidi, naye hana swali la kumpokea.

Hukumu hiyo haiishushi riwaya ya Hanson. Inaonyesha mahali nguvu yake ilipo: katika uamuzi wa Sekai kuondoka na katika mkono wa Chivero anayepokea. Dhidi ya hofu, riwaya ina dawa, nayo ni ukaribu; anayemjua Takadini hawezi kumuogopa. Dhidi ya bei haina dawa, kwa sababu mnunuzi hahitaji kumjua mtoto. Tofauti hii kati ya hofu na bei ni jambo la uhai kwa msomaji wa magharibi mwa Tanzania, na ni busara ya kifasihi kumwachia aitambue.

5.0 Peponi: Riwaya Isiyo ya Orodha

Peponi haikuandikwa kwa ajili ya shule. Riwaya asilia, Paradise, ilitoka mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili ikaja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Hata hivyo mhusika wake mkuu, Yusuf, ana umri wa miaka 12 hadithi inapoanza, na jambo linalompata ni la mtoto: baba yake anamtoa rehani kwa mfanyabiashara Aziz ili kulipia deni. Baadaye Yusuf anafuata msafara wa Aziz kuelekea bara hadi ng'ambo ya ziwa, katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Ikisomwa Ipuli kando ya riwaya mbili za orodha, Peponi inaziunganisha kwa uzi ambao mwongozo hauna. Peter na Zita wanapoteza shule kwa kukosa fedha. Takadini ni mtoto ambaye wenzake halisi, miaka kumi baadaye, walitiwa bei. Yusuf anahesabiwa kama deni. Katika riwaya zote tatu mtu mzima anaamua mtoto ana thamani gani, na mtoto anajifunza hesabu hiyo akiwa ndani yake. Dhamira ya bei ya mtoto haimo katika orodha za kawaida za uchambuzi, lakini ndiyo inayoziweka riwaya hizi katika mazungumzo moja, na inaonekana wazi zaidi kwa msomaji aliye kando ya njia ya misafara.

Pingamizi lipo. Inaweza kudaiwa kwamba usomaji wa mahali humfunga kijana katika mkoa wake. Jibu ni kwamba mahali hutumika hapa kama pa kuanzia swali. Jibu lenyewe ni sharti lipatikane katika matini, na msomaji wa Tanga au wa Kigoma ana haki ya kuanzia kwingine na kulipinga.

6.0 Mapendekezo

Kwa watahini, hatua ya kwanza ni ndogo: kubadilisha kitenzi. Swali linalomtaka mtahiniwa akubali au akatae kauli kwa ushahidi wa matini linapima ujuzi uleule wa hoja na mifano, na juu yake linapima uamuzi. Mwongozo wa usahihishaji nao utoe alama kwa ukataaji wenye ushahidi.

Kwa watafiti, maoni ya vijana yakusanywe mbali na kivuli cha alama. Msomaji aulizwe ni mhusika gani angebishana naye, ni sura gani angeiondoa, na ni jambo gani analolijua ambalo kitabu hakilijui. Riwaya ya nje ya orodha iwekwe kando ya riwaya teule, ili kijana awe na kitu cha kulinganisha ambacho hakijachambuliwa na mtu mwingine kwa niaba yake.

7.0 Hitimisho

Riwaya tatu zilizohakikiwa zina nafasi kubwa zaidi kwa msomaji kijana kuliko anayopewa na mazoea ya mtihani. Watoto wa Mama N'tilie inamruhusu kuuliza kilichobadilika baada ya ada kufutwa. Takadini inamruhusu kutenganisha hofu na biashara. Peponi inamruhusu kuona kwamba hesabu ya mtoto kama mali ina historia ndefu katika njia inayopita mjini kwake. Hukumu hizo ni za kihakiki, na hazihitaji shahada kuzifikia. Zinahitaji nakala ya kitabu, muda wa kukisoma, na swali ambalo jibu lake halijaandikwa tayari ubaoni.