Malale, Ulemavu na Ombi: Maneno Matatu Yanayompotosha Mdai

Miongoni mwa kazi nzito zinazomfikia mfasiri ni kufasiri hati za mafao. Katika hati hizo neno lililokosewa haliharibu ladha ya sentensi tu, bali laweza kumnyima mtu riziki yake. Katika makala haya tunachunguza maneno matatu yanayomjia mfasiri haraka pale mgonjwa wa maradhi adimu ya usingizi anapodai mafao ya muda mrefu kwa kuwa hamudu tena kazi. Maradhi tuliyoyachagua ni nakolepsia.

Neno la kwanza ni malale. Mfasiri akikutana na maradhi ya kusinzia mchana pasipo kujizuia, hudhani jina lake limekwisha patikana, akaandika "ugonjwa wa malale". Hapo amepotoka. Malale huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Usipotibiwa huua, ukitibiwa, mgonjwa aweza kupona kabisa. Nakolepsia haienezwi na mdudu yeyote. Aina yake ya kwanza hutokana na kupotea kwa chembe za ubongo zinazotoa oreksini, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo humsaidia mtu kukaa macho. Dawa zilizopo hupunguza dalili, haziondoi maradhi. Basi afisa asomaye "malale" katika fomu atauliza, na ni haki yake kuuliza, kwa nini mtu huyu asitibiwe akarudi kazini. Hapo dai la muda mrefu limeuawa na neno moja.

Jina la nakolepsia lilibuniwa na daktari Mfaransa, Gélineau, mwaka 1880, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya ganzi na kushikwa. Kiswahili nacho husema mtu "ameshikwa na usingizi". Lakini maneno hayo humfaa hata mtu aliyeshiba chakula cha mchana. Hayatoshi kuwa jina la maradhi. Kwa maoni yetu, jina libaki nakolepsia, na utajiri wa Kiswahili utumike katika kueleza dalili.

Utajiri huo upo. Tunalo lepe la usingizi, tunayo mang'amung'amu, tunalo jinamizi. Hata hivyo yatupasa kuwa waangalifu. Mgonjwa asemaye "hukabwa na jinamizi" anaeleza dalili ya kweli, lakini msomaji wa faili aweza kuidhania habari ya mashetani. Hivyo mfasiri aliandike neno hilo pamoja na maelezo yake: kushindwa kujongoa viungo wakati wa kuingia usingizini au kuamka. Vivyo hivyo, misuli ya mgonjwa inapolegea ghafla kwa sababu ya kicheko au hasira, tusiseme "kuzimia", kwani fahamu zake hazipotei, wala tusiseme "kifafa". Tunapendekeza "mlegeo wa ghafla".

Neno la pili ni ulemavu. Katika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, Tanzania, neno hili lahusu hali ya mtu katika jamii na haki zake. Katika "pensheni ya ulemavu" neno hilo hilo lahusu jambo jingine, yaani kupotewa na uwezo wa kujipatia kipato. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, waonyesha wazi kwamba kipimo cha mafao ya namna hii ni kutoweza kufanya kazi ya kipato. Dereva mwenye nakolepsia ana mikono na miguu kamili; kwa kuwa neno ulemavu lingali linanuka kilema, karani humtazama viungo badala ya kuuliza kama anaweza kukesha usukanini.

Wapo watakaosema kwamba neno limekwisha ingia katika sheria, na kulibadili kutaleta vurugu. Tunakubali. Jina la pensheni na libaki. Lakini katika maelezo ya masharti iandikwe "kutomudu kazi". Nchini Marekani, mfano mmoja, sheria ya hifadhi ya jamii hudai hali hiyo iwe imedumu au itarajiwe kudumu kwa miezi 12 mfululizo, au iwe ya kuleta kifo. Mikataba mingi ya bima za waajiri wa huko hutofautisha pia kutomudu kazi yake mwenyewe, mara nyingi kwa miezi 24 ya kwanza, na kutomudu kazi yoyote baada ya hapo. Mfasiri anayewaandikia wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko akiandika "ulemavu" pote, tofauti hiyo itatoweka, na mdai hatafahamu kwa nini malipo yamekatwa ilhali ugonjwa ni ule ule.

Neno la tatu ni ombi. Anayeomba hungoja hisani. Anayedai hufuata haki aliyoichangia. Si suala la adabu tu. Chini ya kanuni za sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu mafao ya wafanyakazi, mtu aliyekataliwa mafao hayo hupewa muda usiopungua siku 180 wa kukata rufani. Akielezwa kwamba "ombi lake halikukubaliwa", aweza kushukuru na kwenda zake, na siku zikapita. Akielezwa kwamba "dai lake limekataliwa, naye ana haki ya rufani", atajua la kufanya. Wala "fidia" haifai hapa, kwani fidia hulipa madhara, kama vile ya kuumia kazini. Mafao haya hayangoji mkosaji.

Tunapendekeza basi nakolepsia pasipo malale, kutomudu kazi katika masharti, na dai mahali pa ombi. Walimu wa tafsiri wayafundishe maneno haya pamoja na matokeo yake, na maofisa wanaotunga fomu wawashirikishe madaktari na wanasheria kabla ya kupiga chapa. Mgonjwa ambaye hawezi kuzuia usingizi wake asilazimishwe pia kupigana na maneno yetu.