Asilimia sabini na mwezi mpevu: distinksyoni inavyopatikana Kalemie

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akikuambia anatafuta distinksyoni, muulize kwanza anasimama wapi kwenye kozi. Memwari, yaani tasnifu yake ya mwisho, ije baadaye. Katika mfumo tuliourithi hapa Kongo kwa Wabelgiji, heshima ya shahada ni ngazi ya asilimia: kuanzia 50 ni satisfaksyoni, 70 distinksyoni, 80 distinksyoni kubwa, na 90 ni ile kubwa kuliko zote, ambayo wengi wetu tumeisikia tu ikisimuliwa. Hakuna cheti cha pembeni kinachotolewa kwa utafiti mzuri. Memwari inaingia kwenye jumla ya alama pamoja na kozi nyingine, na uzito wake ni ule iliopewa.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukulia memwari inabeba sehemu moja ya tano ya mwaka. Mwenye wastani wa 68 kwenye kozi anahitaji 78 kwenye memwari ili afike 70. Mwenye 72 anahitaji 62 tu, kwa hiyo anaweza hata kuteleza kidogo. Mwenye 65 anahitaji 90, na jopo la kutoa 90 sijui ataliokota wapi. Kwa hiyo kazi hii haimwinui aliye chini. Inaamua hatima ya wale waliosimama karibu na mstari, na hao kila promosheni inao wengi.

Marekani wanafanya vingine. Idara nyingi za kule humtaka mwanafunzi awe kwanza na wastani mzuri, mara nyingi karibu 3.5 kwa kipimo cha 4, ndipo aruhusiwe kuandika tasnifu ya heshima kwa mihula miwili. Walimu wakiridhika, heshima ya idara inaandikwa kando ya shahada yake. Asiyetaka anamaliza bila tasnifu hiyo na hakuna anayemnyooshea kidole. Sisi tuko karibu zaidi na Dar es Salaam, ambako daraja la kwanza linaanza kwenye wastani wa 4.4 kati ya 5, utafiti ukiwa ndani ya hesabu hiyo.

Mfumo wetu wa zamani ulikuwa na huruma yake: kila mwaka ulihesabiwa peke yake. Ulimaliza graduat ya miaka mitatu na kazi yake ya mwisho, ukaingia licence ya miaka miwili, na makosa ya mwaka wa kwanza hayakukufuata hadi siku ya memwari. Mageuzi ya LMD (licence, master, doctorat), yaliyoanza kutekelezwa nchini mwaka wa masomo 2021-2022, yameleta licence ya miaka mitatu yenye krediti 180, kisha master yenye krediti 120. Krediti hujumlishwa muhula kwa muhula. Anayeamka mwaka wa mwisho anakuta sehemu kubwa ya hesabu imekwisha kuandikwa.

Basi zile alama 78 zinatoka wapi? Si kwenye utangulizi. Utangulizi wa memwari zetu karibu ni mmoja: problematiki, hipotesi, sababu za kuchagua mada, mbinu, mipaka ya wakati na mahali, mgawanyo wa kazi. Lekteri, yaani msomaji wa memwari kwenye jopo, ameshausoma mara nyingi kiasi kwamba anaupitia kama mtu anayesalimia majirani. Anaposimama ni kwenye data. Na hapo Kalemie ina utajiri ambao maktaba haina: Lukuga, mto pekee unaotoa maji katika Ziwa Tanganyika, mafuriko ya 2024, ziwa lilipopanda hadi kwenye nyumba za watu, kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilichonyamaza, reli, na uvuvi.

Tuchukue uvuvi, maana ndiko nionako memwari nyingi zikivunjika bila mwandishi kujua. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, na giza likiwa zito mwanga huvuta zaidi. Mwezi mpevu ukitoka taa hazina kazi, na mitumbwi mingi hupumzika. Mwanafunzi akishuka ufukweni wiki mbili na daftari lake, namba zake zinategemea wiki alizochagua: akiangukia giza ataandika kwamba ziwa lina neema, akiangukia mbalamwezi ataandika kwamba samaki wamekwisha. Wote wawili wamehesabu sawasawa, na wote wawili wamekosea. Sampuli fupi kabisa inayokubalika ni mwezi mzima wa mwandamo, na iliyo bora ni miwili, mmoja wa masika na mmoja wa kiangazi, kwa sababu pepo za kusini za kiangazi huvuruga maji ya ziwa na kupandisha chakula cha samaki kutoka chini.

Hapo kalenda ya chuo inagombana na kalenda ya ziwa. Wengi hupewa mada mwaka ukiwa umeshakwenda, hukusanya data katika wiki wanazoachiwa na mitihani, kisha huandika kwamba huo ndio uliokuwa "mpaka wa wakati" wa utafiti wao. Lekteri mwerevu anauliza swali moja tu: kwa nini tarehe hizo? Asiye na jibu anapoteza pointi ambazo tumeona hapo juu zina bei gani.

Jambo la pili linalopandisha alama ni hipotesi iliyokataliwa. Katika memwari zetu hipotesi huthibitishwa kila mara, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka. Aliyedhani bei ya ndagala sokoni inafuata wingi wa mavuno, akakuta inafuata zaidi gharama ya mafuta ya injini, akalieleza jopo vizuri, amefanya utafiti. Jopo linaona tofauti hiyo kabla hajafika sura ya tatu.

Linabaki suala la msimamizi. Chuo Kikuu cha Kalemie kilianza kama tawi la Lubumbashi, na kwa vyuo vya mikoani profesa mgeni ni jambo la kawaida: anafika, anamaliza kozi yake kwa siku chache zilizojaa, anaondoka. Asistanti wa hapa ndiye anayesoma kurasa kila wiki, lakini sahihi ya mwisho ni ya profesa. Atakayekuwa na sura mbili zilizochapwa siku profesa anaposhuka atarudishiwa zikiwa na wino mwekundu kabla hajaondoka. Mwenye mada peke yake ataambiwa aendelee kufikiri, na safari ijayo ya profesa huenda ikawa baada ya sesheni ya kwanza.