Anza na Shore

Anayejifunza kutazama ndege katika Arboretum ya Nairobi hutamani kuanza na hondohondo au tai. Mimi humwambia aanze na shore. Shore yuko kila kichaka: kichwa cheusi, mgongo wa kahawia, manjano chini ya mkia. Amtazame anavyodonoa matunda, anavyotua, anavyoita mapambazuko. Asimwache mpaka amjue kwa sauti tu.

Naiheshimu kazi hii kwa kuwa haina njia ya mkato. Hata darubini ina adabu yake: jicho lisibanduke kwa ndege, mkono ndio uipandishe darubini hadi machoni. Ukiinama kuitafuta kifuani, utainua kichwa ukute tawi tupu. Jua liwe mgongoni. Yaliyobaki ni ya sikio, na sikio hufunzwa upesi ukiandamana na anayejua. Ndiyo faida ya matembezi ya Jumatano asubuhi ambayo mtazama ndege Fleur Ng'weno aliyaongoza jijini kwa miongo mingi.

Bustani yenyewe ya Arboretum haikupandwa kwa ajili ya ndege. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilianza kujaribu hapa miti ikuayo haraka, ipate kuni za injini za Reli ya Uganda. Kuni zilishaachwa zamani. Miti imebaki, mikaratusi ya Australia na mikuyu ya kwetu, na mto Kirichwa Kubwa ukipita bondeni. Mito ya jiji hili imechafuliwa, na jambo hilo linaniuma sana. Hata hivyo kwarara hawajauhama ukingo. Wanachokonoa udongo kwa midomo yao iliyopinda, wakipigiana kelele.

Kati ya Oktoba na Aprili huja wageni. Mmoja ni kijindege cha kijani-manjano, uzito wake kama gramu 10, kilichovuka jangwa kutoka Ulaya au Siberia. Hupekua majani bila kutulia. Asiyewajua wenyeji hupita tu. Aliyemzoea shore hushtuka, kwani mruko ule si wa hapa.

Shore akianza kulia kwa ukali, wenzake wakamwitikia na chozi wakajazana, usiwatazame wao. Tazama wanakotazama. Huenda pana nyoka, au mwewe, au bundi aliyejibanza kwenye shina saa nne ya asubuhi. Bundi niliowaona bustanini humo, karibu wote nimeonyeshwa na shore.