Kilomita Zisizofutwa

Siku ya soko pale Lukozi, kwenye milima ya Lushoto, pikipiki ndizo zinazoteremsha kabichi, karoti na viazi kutoka mashamba ya juu hadi yanakosubiri malori. Simama kwenye kijiwe chochote cha bodaboda uangalie dashibodi. Nyingi zimekufa. Kioo kimepasuka, mshale umelala kwenye sifuri, waya wa mita umekatwa na kufungiwa kwenye shokapu kwa kipande cha mpira. Nyingine hata mita hazina tena. Limebaki tundu na nyaya zilizosokotwa. Wala hakuna anayeshtuka.

Katika hali hiyo, kumwona fundi akibadilisha mita ya pikipiki kuukuu kwa adabu zake zote ni jambo la kushukuru. Yupo mmoja ambaye napenda kukaa kibarazani kwake. Kijana alimletea Honda XL 125 aliyoachiwa na baba yake, pamoja na boksi lenye dashibodi mpya ya kidijitali kutoka China.

"Shikamoo, fundi. Toa hilo kopo la zamani, niwekee hii."

"Marahaba, mwanangu. Hilo kopo linasomaje?"

Kijana akainama, akasoma: 47,316.

"Baba yako aliniambia ilishazunguka ikarudi sifuri. Mita hii ina tarakimu tano tu. Kwa hiyo hapo ni laki moja, elfu arobaini na saba na ushee."

Akaiandika namba hiyo kwenye daftari kabla hajagusa nati hata moja. Kwangu mimi ufundi wote umo katika tendo hilo. Mengine yote ni matunda yake.

Namba ile ndiyo inayosema lini oili imwagwe, na kama injini imefika umri wa kufunguliwa. Kwa mnunuzi wa kesho ni ushahidi. Ukiitupa mita bila kuiandika, umefuta safari zote za Magamba na Mtae, za jua na za ukungu, na pikipiki iliyochoka itauzwa kwa jina la mpya.

Kisha akaingia kwenye nyaya. Wengi hukata zote kwa mpigo, halafu wakabahatisha. Yeye alizitenganisha mojamoja akitaja rangi kwa sauti ili kijana ajifunze. Kwenye Honda, kijani ni ethi, nyeusi ni umeme wa swichi, rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto, bluu mpauko ni ya kulia, bluu iliyokolea ni taa ya fulu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga Honda hufuata mpango huohuo, ila hakuamini kwa macho. Kila waya aliupima kwa balbu ndogo kabla ya kuuunga. Taa ya niutro aliieleza kwa kituo: umeme wake hutoka kwenye swichi ya funguo, na ethi yake huipata chini kwenye gia. Asiyelijua hilo huipa ethi ya moja kwa moja, taa ikawaka muda wote, na dereva akaiachia klachi huku gia imeingia.

Ilipofika zamu ya kipimo cha gurudumu, aliyeandika maelekezo ya boksi alikuwa amewaza tairi la inchi 18. Tairi la mbele la XL ni la inchi 21. Fundi alichora alama ya chaki kwenye tairi, akalisukuma mzunguko mmoja sakafuni, akapima kwa futi ya kamba: karibu sentimita 211. La inchi 18 lingekuwa kama 188. Kwa tofauti hiyo, kila kilomita tisa zingehesabiwa nane, na mwendo wa 56 ungesomeka 50, ambao ndio ukomo wa sheria kwenye makazi ya watu. Mita iliyofungwa hivyo inawaka vizuri, inapendeza, na inadanganya kila siku.

Dashibodi mpya haikukubali kuingiziwa namba ya zamani. Fundi akageuza kiti, akaandika kwa rangi nyeupe kwenye bati la chini: 147,316, na tarehe.

Kopo la zamani hakulitupa. Ukingo wa bati ulioshika kioo ulikunjwa kiwandani bila skrubu, na wenye haraka huupasua. Yeye aliuinua kwa bisibisi nyembamba, upande kwa upande, kidogo, akizunguka tena na tena mpaka kioo kikaachia chenyewe. Ndani hamna gia inayousukuma mshale. Waya unaotoka gurudumuni huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini mzunguko wake huzalisha umeme unaokivuta, na springi nyembamba hukizuia kisizidi. Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya mpango huo mwaka 1902, na umepima mwendo wa dunia nzima kwa vizazi.

Ugonjwa wa kopo lile ulikuwa grisi. Mtu aliwahi kuupaka waya mwanzo hadi mwisho, na waya unaozunguka hupandisha grisi mpaka kwenye sumaku, mshale ukanata. Fundi alikisafisha kikombe kwa pamba, akaupaka waya grisi upya, akaacha shubiri moja ya juu kavu. Akauzungusha kwa vidole: mshale ukapanda, ukashuka. Mita ile haikuwa imekufa. Ilikosa mtu wa kuifungua. Wahenga walikataza kuacha mbachao kwa msala upitao, na sisi tunauacha kila siku, tena kwa fedha taslimu.

Zamani milima hii ilikuwa na pikipiki za kuhesabika. Zilikuwa za padri, mganga na bwana shamba wa miaka ya mradi wa SECAP, ulioanza 1981 kuokoa udongo wa Lushoto usimomonyoke. Mwenye pikipiki ya kazi alijaza daftari la safari: namba ya kuondokea, namba ya kurudia, lita za petroli. Mita mbovu ilimweka matatani, kwa hiyo ilitengenezwa. Baada ya kanuni za 2010 zilizoirasimisha bodaboda, pikipiki zikajaa kila kitongoji na vijana wakapata riziki, jambo jema. Lakini desturi ya kusoma namba haikupanda mlima pamoja nazo. Oili humwagwa ikishakuwa lami, petroli hupimwa kwa kutikisa tangi, na mwendo hukisiwa kwa upepo wa usoni, hata kwenye mteremko wa Soni kwenda Mombo wenye kona baada ya kona na mtoto wa mtu amekaa nyuma.

Tumezoea kuishi bila kipimo, na tumewazoesha mafundi wetu kwamba kipimo hakilipwi. Kijana anayeanza leo hujifunza kubadilisha. Kufungua hafundishwi, kwa sababu mteja hataki kungoja. Wazee wanaojua kuinua ukingo wa bati bila kuupasua wanapungua, na sioni foleni ya wanaotaka kurithi mikono yao. Wakiondoka, tutabaki na dashibodi zinazong'aa rangi zote, na milima mizima ya pikipiki zisizoweza kusema zimetembea kiasi gani. Aibu hiyo haitakuwa ya China iliyotuuzia. Itakuwa yetu sisi tuliosema, "Kata tu, niwahi."