Popo wa Jiwe: Kusoma kwa Sikio

Nina ugomvi na vitabu vinavyotufundisha kusoma michongo ya kale ya Kichina ya jiwe la jedi. Vingi vinatupa orodha tu: popo ni heri, samaki ni ziada, tumbili juu ya farasi ni cheo. Basi. Unakariri, unafunga kitabu, na bado hujui kwa nini awe popo, asiwe njiwa.

Jibu liko sikioni. Kwa Kichina popo ni fu, na heri nayo ni fu. Samaki ni yu, na ziada ni yu vilevile. Tumbili ndiye mjanja zaidi: mashang ni "juu ya farasi", lakini pia ni "sasa hivi", hou ni tumbili, na pia ni cheo cha kikabaila. Anayepewa mchongo huo anaombewa apandishwe cheo upesi. Hebu fikiria fundi wetu amchonge paa amesimama juu ya paa la nyumba, ampe rafiki anayetaka kupaa kimaisha. Sisi tutacheka kabla ya kuelezwa. Mgeni ataona swala tu.

Na jedi haikatiki kwa tindo. Ilisagwa polepole kwa mchanga mkali na maji. Mzaha wa sekunde moja uligharimu kazi ya siku nyingi, na mimi hapo ndipo ninapovua kofia.

Ila enzi ya Qing (1644–1912) iliuzidisha. Popo watano kwa heri tano, pichi kwa umri mrefu, vyote vimebanana kwenye jiwe moja. Vinanichosha kama shairi lenye vina vyote lakini halina la kusema.

Kwangu mimi, nyenje wa enzi ya Han (206 KK–220 BK) anawashinda wote. Aliwekwa juu ya ulimi wa maiti. Ni mikato michache tu: macho, mgongo, mabawa. Nguvu yake haimo katika jina, imo katika maisha ya mdudu mwenyewe: hukua ardhini, hutoka, hujivua gamba, huruka. Wengi humsoma kama tumaini la kuishi tena, nami nakubali. Popo anamtaka msomaji ajue Kichina. Nyenje anamtaka awe amewahi kuzika mtu.

Kwa hiyo ukipewa orodha ya alama, usiikariri kwanza. Uliza: hii inasikika, au inaonekana?